Sisimizi jikoni, theluji dirishani: dalili, vyanzo na la kufanya

Kazi yangu ni wadudu wa majumbani hapa Mwanza, na simu nyingi ninazopokea ni za Nyakato, Igoma na Buhongwa. Ila ikifika Desemba huanza zile za mbali: kijana wa Kirumba aliyeko Hamburg, dada wa Sengerema aliyeko Toronto. "Shikamoo anko. Huku nje theluji imejaa hadi mlangoni, na jikoni kuna sisimizi. Wale wale wa nyumbani. Wanaishije?" Kisha inafuata picha yenye ukungu, inayoonyesha meza zaidi kuliko mdudu.

Jibu ni kwamba wengi wao hawaiwezi baridi hata leo. Sisimizi wa asili ya nchi za baridi, mfano yule mweusi wa bustani za Ulaya, wana utaratibu wa kulala. Majani yakianza kupukutika, malkia huacha kutaga, kundi linateremka ndani ya udongo na kukaa kimya likila akiba ya mafuta mwilini hadi jua lirudi. Sisimizi wa ukanda wa joto wengi hawana utaratibu huo. Malkia wao wanataga mwaka mzima, mabuu wanataka kulishwa kila siku, na joto likikatika kwa muda mrefu kundi zima hufa. Kwa hiyo ukimwona sisimizi wa kitropiki anatembea Hamburg mwezi wa Januari, ujue amepata mahali ambapo Januari haijafika. Kumtafuta yeye ni kupoteza muda. Tafuta joto lililo karibu na maji, utamkuta hapo.

Mwongozo huu nimeupanga kwa dalili. Kabla hujanipigia, jua mambo matatu: rangi yake, urefu wake ukimlinganisha na punje ya mchele (weka punje pembeni upige picha), na miezi anayoonekana. Hilo la miezi watu hulipuuza, na ndilo linalonisaidia kuliko yote.

DALILI: Ni wadogo mno, rangi ya asali, wapo mwaka mzima, hasa jikoni na bafuni

Urefu ni kama milimita 2, yaani theluthi ya punje ya mchele au pungufu. Mwili ni wa njano iliyoiva, ncha ya tumbo ina weusi kidogo. Huyu karibu kila mara ni sisimizi farao. Linnaeus, mwanasayansi wa Sweden, alimpa jina la kisayansi mwaka 1758 akimhusisha na Misri, ingawa wataalamu wengi sasa wanaelekeza asili yake Asia ya kitropiki. Leo yupo kila mahali penye watu na jengo lenye joto.

Huyu ndiye bingwa wa kuikwepa baridi, na inafaa kuelewa kwa nini, maana tiba yote inatokana na hapo. Sisimizi wengi huwa na siku moja katika mwaka ambayo ni lazima watoke nje: madume na malkia wachanga wenye mbawa huruka, wanakutana, kisha malkia anatafuta pa kuanzia maisha. Ukiishi Stockholm, siku hiyo ikiangukia kwenye baridi umekwisha. Farao hana siku hiyo. Hujamiiana ndani kwa ndani, kiotani. Yai, buu, pupa, kibarua (yaani sisimizi mfanyakazi), malkia, wote wanaweza kumaliza maisha yao bila kuiona anga. Anachohitaji ni joto la nyuzi 27 hadi 30 na unyevu mwingi, na nyumba ya kisasa ya ughaibuni inampa vyote viwili: mabomba ya maji ya moto yanayopita ndani ya kuta, hita chini ya dirisha, nafasi nyuma ya sinki, uwazi nyuma ya soketi. Kwenye joto la nyuzi 27, yai huchukua takriban siku 38 kuwa kibarua kamili. Humo ukutani hesabu haibadiliki, iwe Julai au Februari.

Ndiyo maana hospitali za nchi za baridi zilisumbuka naye sana. Hospitali ina joto saa 24, mabomba kila ukuta, na chakula hadi wodini. Huko amekutwa kwenye bandeji na vifaa, na watafiti wamemkuta amebeba vijidudu vya magonjwa. Nyumbani hali si mbaya kiasi hicho, lakini ukiwa na mgonjwa mwenye kidonda au mtoto mchanga usilifanyie mzaha.

Namna ya kuthibitisha: usiku, weka matone madogo ya asali kwenye vipande vya karatasi, na kwenye vingine paka siagi ya karanga au kipande kidogo cha maini yaliyopikwa. Panga jikoni, bafuni na karibu na hita. Rudi baada ya saa kadhaa. Usiwaue. Fuata mstari wao unakorudi mpaka unapopotelea, kwa kawaida kwenye ufa, kando ya bomba au chini ya ubao unaozunguka ukuta. Weka kiganja hapo. Pakiwa na uvuguvugu kuliko ukuta mwingine, umepata mlango. Kiota chenyewe huenda hutakiona kamwe, na huna haja ya kubomoa.

DALILI: Ulipuliza dawa, wakatoweka siku chache, sasa wapo hadi chumbani

Chanzo ni dawa uliyopuliza. Ninasema hivi nikijua wengi watanuna, kwa sababu kopo la kupuliza ndilo la kwanza kununuliwa, Mwanza na Toronto vilevile.

Kundi la farao halina malkia mmoja. Lina malkia wengi, pengine mamia. Dawa ya kupuliza inaua vibarua waliokuwa barabarani, ambao ni sehemu ndogo tu ya kundi, na waliobaki ukutani wanapata habari kwamba mahali hapa pana hatari. Basi wanameguka. Kikundi kimoja kinabeba mayai na mabuu kinahamia chumba cha pili, kingine kinapanda ghorofa ya juu kwa kufuata bomba. Hata kikundi kilichoondoka bila malkia si salama kukipuuza: kikiwa na mabuu wa kutosha, vibarua wanaweza kulea malkia wapya kutokana na hao. Ulikuwa na kiota kimoja, sasa una vitano, na kila kimoja kiko karibu na chanzo chake cha joto.

Cha kufanya: acha kupuliza kabisa. Futa mabaki ya dawa kwenye njia zao kwa maji na sabuni, kisha wape muda watulie, maana sisimizi aliyenusa dawa hali chambo. Baada ya hapo weka chambo cha sumu ya polepole. Neno polepole ndilo lenye kazi hapa. Kibarua lazima afike kiotani akiwa mzima, alishe wenzake, mabuu na malkia. Sumu inayoua papo hapo haifiki popote.

Kwa walioko hapa nyumbani, chambo cha kujitengenezea chenye asidi ya boriki hufanya kazi ikiwa dhaifu: gramu 5 za asidi na gramu 50 za sukari ndani ya nusu lita ya maji, yaani kama asilimia 1 ya asidi. Watu huongeza dawa wakidhani wanaongeza nguvu, kumbe wanawafukuza walaji au wanawaua njiani. Lowesha pamba, weka kwenye kifuniko cha chupa, mbali na watoto, kuku na paka, na andika kwenye chupa iliyobaki kwamba ni sumu. Ukiwa nchi za Umoja wa Ulaya, asidi ya boriki haiuzwi ovyo kwa wananchi, hivyo nunua chambo kilichotengenezwa tayari au mwache fundi mwenye kibali alete kile chenye dawa inayozuia malkia kutaga na mabuu kukua. Hicho hutumia wiki nyingi, wakati mwingine miezi. Wakati huo utawaona bado wanatembea. Wavumilie.

Na ukiishi fleti, zungumza na msimamizi wa jengo siku hiyo hiyo. Kutibu fleti moja katika jengo lenye mabomba ya pamoja ni kuwahamishia jirani wako, naye atawarudisha kwako akipuliza.

DALILI: Kichwa cheusi, mwili kama hauonekani, wanazunguka vyungu vya maua

Ukimweka kwenye kigae cheupe unaona kichwa tu kinatembea. Ana milimita moja na nusu hivi, anakimbia bila mpango, na ukimponda anatoa harufu inayokaribia nazi iliyochacha. Huyu huitwa sisimizi mzuka. Yupo kwenye miji mingi ya ukanda wa joto, na ughaibuni huishi kwenye vitalu nyumba vya mimea na majengo yenye hita. Mimea ya kitropiki inayouzwa kwa ajili ya sebuleni ndiyo gari lake.

Inua chungu cha maua utazame chini na kwenye sahani ya maji. Ukikuta mayai meupe na vibarua wanahangaika, zamisha chungu kizima kwenye ndoo ya maji yenye sabuni kidogo kwa muda, au kiondoe. Chunguza pia majani, kwa sababu huwa wanafuga wadudu wanaofyonza mimea na kulamba utamu wao. Wasipoondolewa hao, sisimizi watarudi. Chambo chao kiwe kitamu. Wakati wa joto wanaweza kutoka hadi kwenye kibaraza cha nje, lakini wale wa nje hawavuki msimu wa barafu. Wa ndani wanavuka.

DALILI: Wakubwa, weusi, mmoja mmoja, katikati ya Januari

Hapa unaweza kuniacha mimi ukamtafuta fundi wa mbao. Huyu si wa kitropiki. Kwa walioko Marekani na Kanada, sisimizi mkubwa mweusi anayetembea ndani wakati nje pameganda mara nyingi ni yule anayechimba viota kwenye mbao. Yeye baridi anaiweza, na kwa desturi angekuwa amelala. Kama yuko macho Januari maana yake kiota kipo ndani ya nyumba, mahali hita inapofika, na mbao alizochagua huwa zimelowa. Tafuta bomba linalovuja, paa linalopitisha maji, fremu ya dirisha iliyooza. Rekebisha unyevu kwanza.

Wale wanaoingia mara moja tu majira ya machipuko, wakasumbua wiki kadhaa na kutoweka, nao ni wenyeji wanaoamka na njaa. Ziba ufa.

DALILI: Mistari minene nje ya nyumba, inapungua wakati wa baridi lakini haiishi

Sisimizi wa Argentina ana simulizi tofauti, na mimi binafsi namheshimu. Asili yake ni bonde la mto Paraná, Amerika Kusini. Huyu haishi kwa kutegemea hita ya mtu. Anavumilia baridi ya wastani, na mbinu yake ni kujikusanya. Majira ya joto kundi hutawanyika kwenye viota vidogo vingi, chini ya mawe, kwenye bustani, kwenye sanduku la umeme. Baridi ikija, viota vinaungana kwenye vichache vyenye msongamano mkubwa, mahali jua linapopasha. Kule North Carolina, Marekani, watafiti waliwakuta majira ya baridi wamejazana kwenye mashina ya misonobari, upande wa kusini.

Upande wa kusini, kumbuka. Sisi hapa ziwani jua linatupita juu, miezi fulani likiegemea kaskazini na mingine kusini, kwa hiyo ukuta wowote unapata zamu. Ukiwa Ulaya au Marekani, jua la Januari linakaa kusini siku nzima na kuta za kaskazini hazilioni kabisa. Basi anza ukaguzi kwenye ukuta wa kusini: chini ya vigae vya njia, msingi wa nyumba, rundo la kuni, shina la mti. Jikoni wanakuja kula tu.

Huyu pia ana malkia wengi, na kila mwaka majira ya machipuko vibarua huwaua takriban asilimia 90 ya malkia wao wenyewe. Sikosei kuandika, ni asilimia 90, na bado kundi linanawiri. Mwaka 2002 watafiti walieleza jinsi sisimizi hawa wanavyounda kundi moja kuu lililotanda kilomita 6,000 kando ya pwani, kutoka Italia hadi upande wa Atlantiki wa Hispania, vibarua wake wakikutana bila kupigana. Kwa hiyo usitegemee kuwamaliza kwenye kiwanja chako peke yako. Chambo kitamu kiwekwe mwishoni mwa msimu wa baridi, wakiwa bado wamekusanyika na chakula kingine ni haba. Huo ndio wakati sumu kidogo inafika mbali.

DALILI: Kichuguu laini bustanini, na kuumwa kunakotoa kipele chenye usaha

Kama uko kusini mwa Marekani, mfikirie sisimizi moto mwekundu, aliyeingia kupitia bandari ya Mobile, Alabama, miaka ya 1930. Kichuguu chake hupokea jua, na vibarua wanawapandisha mabuu upande wenye joto asubuhi, wanawashusha kukiwa baridi. Vishimo vyake vinaweza kuzidi mita moja kwenda chini, ambako baridi haifiki upesi. Baridi kali ya siku nyingi mfululizo ndiyo humshinda, na ndiyo imemzuia asiende mbali kaskazini. Mwaka 2023 ilitangazwa kwamba viota 88 vimekutwa karibu na Syracuse, kisiwani Sicily, Italia. Akikuuma ukavimba uso au kubanwa pumzi, kimbia hospitali. Ukimwona Ulaya, toa taarifa kwa mamlaka za mazingira, usimshughulikie peke yako.

DALILI: Uko Mwanza, na sisimizi wapo kwenye soketi, kwenye modemu, nyuma ya friji

Huku hatuna theluji, lakini tabia ni ile ile. Usiku wa Julai halijoto hapa hushuka hadi nyuzi 15 au 16, na kwa anayelea mabuu yanayotaka 27, hiyo ni baridi. Mashine ya friji inatoa joto usiku kucha, modemu nayo haizimwi. Zima umeme kwenye swichi kuu kabla ya kufungua soketi yoyote, na usipulize dawa ya majimaji humo. Weka chambo pembeni, kwenye njia wanayotumia.

Nyumba zilizojengwa juu ya miamba, kama zile za vilima vya Mabatini na Igogo, zina jambo la ziada. Jiwe linalopigwa na jua mchana kutwa hutunza joto hadi usiku wa manane, na nyufa zake ni viota vilivyokwisha kujengwa. Mara nyingi jiwe hilo ndilo ukuta wa nyuma wa jikoni. Ziba kwa saruji mahali jiwe linapokutana na tofali, kwa sababu mwamba wenyewe huwezi kuuziba.

Wakizidi ghafla Novemba au Aprili, chanzo ni mvua: maji yameingia viotani wanapanda juu na mabuu yao. Hao huondoka wenyewe pakikauka. Wakizidi baada ya kuleta dagaa kutoka Mwaloni, chanzo unakijua. Tumia ndoo yenye mfuniko wa kubana.

Vilima vidogo vya mchanga kwenye maungio ya vigae, na baadhi ya sisimizi wana vichwa vikubwa visivyolingana na mwili? Hao ni jamii ya vichwa vikubwa, na viota vyao viko chini ya sakafu na uani. Si wa kudharau. Kule Laikipia, Kenya, sisimizi wa kichwa kikubwa mvamizi aliwaua sisimizi wanaolinda migunga, tembo wakaivunja miti hiyo, mbuga ikawa wazi, na simba wakakosa pa kujificha kuwawinda pundamilia. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2024. Kwako nyumbani tatizo ni dogo zaidi: chambo chenye mafuta, kiwekwe uani kando ya msingi, si ndani.

Siafu ni habari nyingine. Hawajaja kuishi. Toa watoto, fungua mabanda ya kuku, waache wapite. Wataondoka na mende wako.

DALILI: Wamo ndani ya kitu, si ndani ya ukuta

Begi lililotoka safari, redio, kitabu, mfuko wa mchele. Farao anapenda mikunjo, na kipande cha kundi chenye mabuu kinatosha kuanzisha nyumba mpya upande wa pili wa dunia. Nguo zifue kwa maji ya moto. Kitu kisichofuliwa kifunge kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa na ukiweke kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa siku kadhaa, kikiwa kinene ongeza muda ili baridi ifike katikati. Ukikitoa, kiache kwenye mfuko hadi kirudi kwenye joto la kawaida, la sivyo umande utaharibu karatasi na vifaa vya umeme. Sehemu ya chini ya friji, ile ya nyuzi 4, isikudanganye: humpoozesha tu, na ukimtoa mapema anaamka na kuendelea na safari.